Kabla Mfadhili Hajaondoka: Upangaji wa Miradi ya Jamii Katika Isiolo

Msafiri atokaye Nairobi, akishaipita Nanyuki na mashamba ya ngano ya Timau, huteremka mteremko mrefu kutoka baridi ya miguuni pa Mlima Kenya mpaka joto la Isiolo, na kabla hajalifikia soko la mji aghalabu huwa ameshapokewa na vibao vilivyosimamishwa kando ya njia: hiki cha kisima, hiki cha zahanati, kile cha kikundi cha akina mama, na kila kimoja kimebeba jina la mradi na nembo ya waliotoa fedha zake. Vibao hivyo huendelea kumfuata akishika njia ya Garba Tulla au ya Merti, na baadhi yake vimepaushwa na jua hata maandishi yake hayasomeki tena. Na mtu anayetaka kujua hali ya mradi wenyewe, ni heri akizunguke kibao akalitazame birika la kunyweshea mifugo lililo nyuma yake, aone kama lina maji au lina mavumbi.

Haishangazi kwamba Isiolo imeandikwa mara nyingi katika daftari za wahisani. Ni kaunti ya nchi kavu, ambayo hesabu ya watu ya 2019 iliikuta na wakazi 268,002, Waborana na Wasomali, Waturkana na Wasamburu, Wameru, Wasakuye na wengineo, na walio wengi kati yao riziki yao imefungamana na ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Vita vya Shifta, vilivyodumu kutoka 1963 hadi 1967, viliwakusanya wafugaji katika kambi zilizolindwa na askari, mifugo ikateketea kwa kukosa malisho, na aila zilizokuwa na utajiri wa kuhesabika zikatoka vitani hazina kitu. Ukaja ukame wa 1984, ukaja wa 2011, kisha zikaja zile nyakati tano za mvua zilizofuatana bila ya mvua ya maana, tangu mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023. Kila msiba uliwavuta wahisani wake, na kila mhisani alikuja na fikra yake juu ya lile linalowafaa watu wa Isiolo.

Fikra ya kwanza iliyopata nguvu ilikuwa kwamba mfugaji aliyefilisika afundishwe kulima. Baada ya vita, kando ya mto Ewaso Ng'iro na vijito vyake, pale Merti, Malka Daka na Garfarsa, zilianzishwa skimu za kumwagilia mashamba kwa msaada wa serikali, mashirika ya Umoja wa Mataifa na makanisa. Watu walipata mahindi, na hilo halikanushiki. Walakini mwanaanthropolojia Richard Hogg, aliyezichunguza skimu hizo katika miaka ya 1980, alionyesha kwamba gharama ya kuzianzisha na kuziendesha ilikuwa kubwa kupita kiasi ikilinganishwa na pato la mkulima, na kwamba yule aliyefanikiwa katika shamba mara nyingi alikimbilia kununua mbuzi, ili siku moja arudi katika ufugaji. Kwa maneno mengine, mfadhili alidhani anajenga kijiji cha wakulima, ilhali wenyeji walikuwa wakijenga daraja la kurudia mifugo yao. Laiti jambo hilo lingaliulizwa mwanzoni, pengine fedha zile zingaligawanywa kwa namna nyingine.

Mambo hayo yangeweza kuonekana kuwa ni historia ya kale, kama si yaliyotokea mwaka 2025. Mwezi wa Januari mwaka huo serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nchi za nje kwa amri moja, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limekwisha fungwa. Miongoni mwa kazi zilizokatizwa ulikuwemo mpango wa Nawiri, uliokuwa ukishughulikia utapiamlo wa watoto na akina mama katika Isiolo na Marsabit chini ya uongozi wa Catholic Relief Services. Hapakuwa na muda wa kuagana wala wa kukabidhiana. Kila mtu anayepanga mradi wa jamii hivi leo hana budi kulizingatia tukio hilo, maana limebainisha kwamba tarehe ya mwisho iliyoandikwa katika mkataba ni matumaini tu, na mwisho wenyewe waweza kuwahi.

Ruzuku, basi, ni fedha yenye ajali yake. Hutolewa kwa kazi maalumu, kwa muda maalumu, na aliyepewa hutakiwa atoe hesabu ya kila shilingi. Muda ukiisha, kilichobaki ni kile kilichojengwa na watu watakaokitunza. Wazee wetu waliokuwa wakitoa mali kwa ajili ya Mwenyezi Mungu walilijua tatizo hili zamani, na dawa yao ilikuwa wakfu: mtu hakutoa msikiti peke yake, alitoa pamoja nao nyumba ya kupangisha au shamba la minazi, ili kodi na mavuno yanunue mafuta ya taa na mikeka na yamlipe mwadhini, na akamteua mutawali wa kusimamia baada yake. Masimulizi ya Kiislamu yanaeleza jinsi Sayidina Uthman bin Affan alivyokinunua kisima cha Ruma huko Madina, ambacho maji yake yalikuwa yakiuzwa, akakifanya kuwa cha watu wote. Na pwani ya Kenya ina tume ya wakfu iliyowekwa kwa sheria ya 1951, inayosimamia mali za namna hiyo mpaka leo. Ninalotaka kusema katika makala haya ni kwamba mpango wa mradi wa jamii wapaswa kuandikwa kwa akili hiyo hiyo ya mtoa wakfu, yaani kuanzia siku ambayo mtoaji hayupo, na kurudi nyuma mpaka siku ya kuchimba msingi. Miradi mingi huandikwa kinyume chake.

Tuchukue kisima kirefu cha mashine, maana ndiyo zawadi ipendwayo kuliko zote katika nchi kavu. Ardhini, mita mia moja au zaidi, imezamishwa pampu. Juu kuna jenereta au mabamba ya sola, tangi lililoinuliwa, bomba la watu na mabirika marefu ya saruji ya mifugo. Asubuhi ya kiangazi ngamia husubiri mbali, ng'ombe huletwa kwa makundi, mbuzi hupenya popote, na mtu mmoja aliyeshika daftari husimama penye koki akiandika ni kundi la nani, ni vichwa vingapi, na amelipa au atalipa akiuza. Siku pampu inapoungua, mabomba yote hayana budi kuvutwa juu, na kazi hiyo haifanyiki kwa mikono. Huhitaji lori lenye mtambo wa kunyanyulia, fundi anayetoka mjini, na pampu mpya. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba yote hayo yatagharimu shilingi 720,000, na kwamba pampu hudumu miaka sita. Maana yake ni kuweka akiba ya shilingi 120,000 kila mwaka, au 10,000 kila mwezi, na kama familia zinazokitegemea kisima ni 200, kila moja yatakiwa itoe shilingi 50 kwa mwezi. Kiasi hicho chaonekana kidogo hata mtu akashangaa visima hufaje. Walakini mvua ikinyesha, wafugaji huhama kufuata madimbwi na majani mapya, na kisima hakimwoni mtu kwa miezi. Basi ile akiba ya mwaka mzima yapasa ikusanywe katika miezi sita ya kiangazi, shilingi 100 kwa mwezi, wakati ambapo bei ya ng'ombe sokoni imeanguka na mwenye mifugo hana fedha taslimu. Hesabu hii yaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja. Mara nyingi haimo katika andiko la mradi.

Sola imepunguza uchungu wa dizeli, na pale ilipofungwa watu hushukuru, kwa haki. Lakini imeleta hila yake ambayo wapangaji hawakuitazamia: zamani, dizeli ikiisha, kamati ililazimika kukusanya fedha wiki ile ile, na mazoea ya kulipa yalidumu; lakini jua halidai kitu, kwa hiyo mahali pengi watu huacha kulipa, daftari hufungwa, na siku kifaa kinapoungua sanduku ni tupu. Bahati mbaya ni kwamba mfadhili hupenda kuandika katika taarifa yake kwamba maji sasa ni ya bure.

Hayo ni ya mashine. Katika Isiolo liko jambo kubwa kuliko mashine, nalo ni majani. Mtu wa mjini hudhani kwamba kuongeza visima katika nyika ni kheri tupu, na kwamba kosa pekee liwezekanalo ni kuvichimba vichache mno. Waborana wa bonde la Ewaso Ng'iro, ambao wao huliita Waso, wana utaratibu wa tangu zamani uitwao dedha, ambao kwao nyika hugawanywa kwa majira: yako malisho ya wakati wa mvua, yako ya kiangazi, na yako ya akiba ambayo hayaguswi mpaka ukame uwe mkali. Wazee wa dedha ndio watangazao lini watu wahame na waelekee wapi, na penye visima yuko abba herega, msimamizi wa zamu, ambaye kwa idhini yake kundi la fulani hunywa leo na la fulani hunywa kesho. Kinachofunga mambo yote hayo ni maji, kwa kuwa mifugo haiwezi kukaa mbali na maji. Dimbwi likikauka katika malisho ya mvua, watu huondoka wenyewe na majani hupata nafasi ya kupona. Sasa mfadhili mwenye huruma akichimba kisima cha kudumu katikati ya malisho hayo, mifugo haiondoki, majani huliwa mpaka mizizi, na kiangazi kikija watu huwa na maji ya kutosha na mifugo inayokufa kwa njaa kando ya birika lililojaa. Kwa hiyo swali la kwanza la mpangaji katika nchi hii ni mahali gani pasichimbwe, na wenye jibu la swali hilo ni wazee ambao aghalabu hawakualikwa katika mkutano wa hotelini.

Kwa sababu hiyo jaribio lililoanzishwa Isiolo mnamo 2010 na 2011 lastahili kuelezwa kwa urefu. Mashirika ya wenyeji, taasisi ya IIED ya London na idara ya serikali ya kushughulikia ukame, kwa fedha za Uingereza, yaliunda mfuko wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi ambao uamuzi wake uliwekwa mikononi mwa kamati za wadi zilizochaguliwa hadharani na wananchi. Sehemu kubwa ya fedha za miradi, asilimia 70, ilitengwa kwa ajili ya yale yatakayochaguliwa na wadi. Asilimia 20 kwa miradi inayovuka mipaka ya wadi. Na asilimia 10 kwa gharama za uendeshaji. Kamati ya kaunti iliruhusiwa kuyasaidia na kuyaimarisha maombi ya wadi, wala haikupewa uwezo wa kuyakataa maadamu yametimiza masharti. Na masharti yenyewe yalitaka mradi uwafae wengi, uzidishe uwezo wa watu kustahimili ukame, uimarishe masikilizano baina yao, uwe umejadiliwa na wote unaowagusa, na uwe wa kudumu. Sharti la masikilizano si pambo. Katika nchi ambayo kisima kimoja huweza kuwa na wanyweshaji wa makabila matatu, mradi uliopangwa na upande mmoja huweza kumwaga damu.

Kamati hizo zilipokaa kuchagua, hazikuomba visima vipya vingi kama ilivyotazamiwa. Ziliomba kukarabati vilivyokuwepo, kuyazungushia uzio mabwawa ya ardhi ya kukinga mvua ili mifugo isiyachafue, kuifufua maabara ya mifugo ya Merti, na kuwawezesha wazee wa dedha kukutana na kuwapelekea majirani habari za makubaliano yao. Kisima cha Yamicha, katika nyika za Merti, ni cha akiba ya ukame. Thamani yake yote imo katika kufungwa kwake wakati wa neema, na kukikarabati kulikuwa na maana kwa kuwa walikuwepo wazee wenye uwezo wa kukifunga. Posho ya mafuta ya gari la wazee kwenda kikaoni ni kitu ambacho wafadhili wengi wangekifuta katika bajeti kwa kalamu nyekundu, na mimi nathubutu kusema kwamba huenda shilingi hizo ndizo zilizookoa mifugo mingi kuliko saruji.

Kuna jambo moja katika kazi hiyo ambalo lanifurahisha hasa. Wataalamu waliiangaza picha ya nchi iliyopigwa na setilaiti juu ya ukuta, wakawaomba wafugaji waisome. Watu ambao baadhi yao hawakuwahi kushika ramani walianza kuonyesha kwa fimbo: hapa ni malka ya kuvukia, hapa pana chumvi ya ngamia, bonde hili hushika maji wiki tatu, mlima ule nyuma yake ndiyo njia ya kuhamia. Majina yao yakatiwa katika ramani, na tangu hapo mtu akitaka kupendekeza mradi aliweza kuulizwa waziwazi ataupachika juu ya malisho ya nani. Elimu hiyo ilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni karatasi ambayo afisa wa bajeti angeitambua.

Utaratibu huo wa Isiolo ulienezwa katika Garissa, Kitui, Makueni na Wajir, ukaingizwa katika sheria za kaunti, na hatimaye serikali ya taifa ikauchukua msingi wake katika FLLoCA, mpango wa hatua za tabianchi zinazoongozwa na wenyeji, unaogharimiwa na Benki ya Dunia pamoja na washirika wengine. Hapa ndipo ulipo udumifu wa aina ya pili, usiotegemea pampu: kanuni iliyoanza kwa ruzuku ya nje ikawa sheria, na kamati iliyokuwa ya mradi ikawa chombo cha utawala. Sisemi kwamba kamati zote ni safi; zipo zilizojaa jamaa za mwanasiasa, na zipo ambazo wanawake wamewekwa kwa ajili ya kutimiza idadi. Lakini kamati mbovu iliyomo katika sheria yaweza kushtakiwa na kubadilishwa, ilhali kamati nzuri ya mradi uliokwisha hupotea kimya.

Upande wa mji, wanawake wa maziwa ya ngamia wametoa somo la namna nyingine. Kabla ya mfadhili yeyote, walikuwa wakinunua maziwa kutoka kwa wafugaji wa pembezoni na kuyapakia katika mabasi ya kwenda Nairobi, mtaa wa Eastleigh, ambako Wasomali hawawezi kunywa chai bila ya maziwa hayo. Tatizo lao lilikuwa joto na uchafu: maziwa katika madumu ya plastiki huchacha kabla ya kufika. Shirika la Kiholanzi la SNV na wengine walipokisaidia chama chao cha ushirika, Anolei, msaada ulikuwa wa vyombo vya kusafishika, majokofu na mafunzo ya usafi. Mnunuzi alikuwepo, basi lilikuwepo, na deni la mfugaji lililipwa kwa mazoea yao wenyewe. Ruzuku iliziba tundu moja katika kitu kilichokuwa hai. Linganisha hilo na vikundi vingi vilivyoundwa juma moja kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi, vikapewa mashine ya kutengeneza sabuni ambayo hakuna aliyewahi kuuliza nani ataitumia.

Na wale wanaodhani kwamba kushauriana na wananchi ni adabu tu, waikumbuke hukumu ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo ya Januari 2025, katika kesi iliyofunguliwa na wakazi wa pande za Merti mwaka 2021, ambayo ilitamka kwamba hifadhi za wanyama zilizoanzishwa katika Chari na Cherab chini ya mwavuli wa shirika la Northern Rangelands Trust ziliundwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa watu hawakushirikishwa inavyopaswa. Fedha za wahisani zilikuwa zimetumika kwa miaka mingi, na nia huenda ilikuwa njema. Lakini msingi uliorukwa mwanzoni ulirudi kudaiwa mahakamani. Karatasi ya mahudhurio iliyotiwa sahihi na watu walioitiwa soda na posho haitoshi kuwa idhini.

Kwa hiyo wewe uliyechaguliwa katika kamati, iwe ya kisima, ya zahanati au ya shule, usiionee haya hesabu. Mfadhili akikuletea andiko la kutia sahihi, muulize pampu ya pili itanunuliwa na nani, na umwombe aandike jibu. Afadhali ujenzi upungue ili sehemu ya ruzuku iwekwe benki kwa ajili ya matengenezo, kwa sahihi za watu watatu wasio wa nyumba moja. Na yale ambayo michango ya watu haiwezi kuyabeba, kama mshahara wa muuguzi au lori la kuvutia mabomba, yapeleke katika bajeti ya kaunti kungali na wakati, kwani kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 makadirio ya matumizi hufikishwa mbele ya bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na mwananchi yeyote ana haki ya kutoa maoni yake kabla hayajapitishwa.